Nilivyopima Siasa kwa Gorogoro

Duka langu liko Nyamakima, katikati ya Nairobi. Kama umewahi kupita huko asubuhi unajua hali ilivyo: mikokoteni, magunia yaliyopangwa hadi barabarani, wabebaji wakipaza sauti "Chunga mgongo!", na vumbi la maharagwe ambalo hukaa kooni hadi Jumapili. Nauza nafaka. Maharagwe ya nyayo, wairimu na mwitemania, ndengu, kamande, na njahi zikipatikana. Nilianza mwaka 2004 na magunia matatu ya wairimu niliyokopeshwa na mjomba wangu, na kwa miaka kumi na moja sikuwaza siasa hata siku moja. Kwangu siasa ilikuwa gari la matangazo linalopita na kunizuia kusikia mteja amesema kilo ngapi.

Kilichonipeleka huko ni deni. Naliandika hili wazi kwa sababu kwenye kampeni nilisema mengine. Nilisema nimeguswa na hali ya vijana wetu, nimesikia kilio cha akina mama. Uongo huo si mkubwa, lakini ni uongo. Mwaka 2015 nilipata tenda ya kupeleka chakula kwa taasisi moja ya umma hapa mjini. Magunia 90 ya maharagwe, magunia 110 ya mahindi. Jumla Sh940,000. Nilipewa elpio, ile hati rasmi ya kuagiza mzigo, yenye mihuri miwili, nikaipeleka kwa wenzangu sokoni kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake. Nilikopa kwa chama chetu cha akiba, nikanunua mzigo, nikaupeleka, ukapokelewa, wakasaini. Malipo ndani ya siku thelathini.

Mwaka ukaisha. Kila Ijumaa nilikuwa nafunga duka saa sita, navaa koti, naenda kuuliza. Nilijifunza msamiati mzima wa kutolipwa. Faili imepanda. Faili imeshuka. Anayeshika faili yuko likizo. Tunangoja bajeti ya ziada. Kuna dada mmoja wa mapokezi alinionea huruma hadi akawa ananiletea kiti, na nikiona hicho kiti najua leo pia hakuna kitu.

Nikitoka hapo sikuwa na nguvu ya kurudi dukani moja kwa moja. Nilikuwa natembea hadi Jeevanjee, nakaa.

Wakazi wa Nairobi wanaijua ile bustani kama kiganja cha mkono. Iko kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu, wahubiri upande huu, wapiga picha upande ule, watu waliotoka kutafuta kazi wamelala nyasini na bahasha za vyeti zimewafunika uso. Chini ya miti kuna wale wa Bunge la Mwananchi, wanabishana kuhusu bajeti ya taifa kana kwamba kesho wataisoma wao. Mimi nilikuwa nakaa pembeni na njugu zangu. Sikujua hata kwamba Jeevanjee ni jina la mtu. Nilidhani ni jina tu la mahali, kama Ngara.

Aliyenieleza ni mzee mmoja tuliyekuwa tukimwita Mwalimu. Alifundisha historia miaka mingi, akastaafu, na sasa alikuwa anafundisha benchi. Siku moja aliniuliza mbona kila Ijumaa navaa koti na kila Ijumaa uso wangu umeanguka. Nikamweleza habari ya maharagwe. Akacheka, si kwa ubaya.

"Kijana, wewe ni Jeevanjee ambaye hajalipwa."

Nikamwuliza Jeevanjee ndiye nani.

"Unakalia zawadi yake halafu unaniuliza ni nani?"

Basi akaanza. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890 akiwa mfanyabiashara. Miaka michache baadaye Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani, wakaleta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka Bara Hindi. Watu hao walihitaji kula. Jeevanjee akapata kandarasi ya kuleta vibarua na kuwapelekea chakula. Mwalimu alipofika hapo alinigusa goti. Mchele, dengu, unga, samli, vyote vikipanda na reli, maili baada ya maili, hadi reli ikafika mahali hapa penye maji baridi mwaka 1899 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Mimi nilisikia neno moja tu. Dengu. Huyu mtu alikuwa mwenzangu.

Reli ilipokwisha akageukia ujenzi. Akajenga majengo ya serikali, akajenga soko la mji mwaka 1904 likaitwa kwa jina lake. Mwaka 1902 kule Mombasa alikuwa ameanzisha gazeti, African Standard, lile ambalo leo tunalisoma kama The Standard. Mwaka 1906 akautolea mji bustani hii, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mwana wa malkia mwenyewe, Duke wa Connaught. Sanamu hiyo ilikuja kuharibiwa mwaka 2015, kwa hiyo mimi na Mwalimu tulikuwa tunaongea karibu na jiwe lililobaki bila mwenyewe. Na mwaka 1909 mfanyabiashara huyu akateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo.

Mwalimu alisimulia kwa majuma kadhaa, Ijumaa kwa Ijumaa, maana alipenda kukatiza hadithi penye utamu. Shida ni kwamba mimi sikungoja amalize. Nilipofika kwenye Baraza nikawa nimekwisha kupata nilichotaka. Nilirudi Nyamakima nikijiambia: ona, mtu wa chakula, kandarasi za serikali, kisha kiti. Nikiwa ndani hakuna atakayeniambia faili imepanda. Mwezi wa Novemba 2016 nilimwambia mke wangu nitagombea uwakilishi wadi, kule Eastlands tunakoishi.

Aliendelea kukunja nguo. "Kwa pesa gani, Baba Watoto?"

Chama cha siasa sikuwa nacho. Kwenye mchujo wa vyama vikubwa nilijua nitaliwa mzima, kwa hiyo nikawa mgombea huru. Sheria inasema mgombea huru wa wadi alete sahihi za wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, na wasiwe wanachama wa chama chochote. Mtu akisikia 500 anaona ni wachache. Ingia mtaani uzitafute. Nilikuwa napita nyumba kwa nyumba na vijana wawili, fomu kwenye ubao, na kila mlango ulikuwa na swali lake. Wengine walitaka chai. Wengine walisema kitambulisho kiko kijijini. Mama mmoja alisaini haraka bila kuuliza jina langu, nikafurahi, kisha akanionyesha paa la choo. Kufikia sahihi ya 500 nilikuwa nimetumia karibu Sh60,000, yaani chai na mkate peke yake, na ada ya tume ya uchaguzi yenyewe ilikuwa Sh5,000.

Halafu ikaja habari ya alama. Mgombea huru huchagua alama yake, nami nikajiona mjanja kupita wote, nikachagua gorogoro. Nani Nairobi asiyeijua gorogoro? Kila jikoni kuna kopo la kupimia unga. Nikawaza: mama akiingia kwenye kibanda cha kupigia kura ataona chombo chake mwenyewe. Wanaosoma hili na wamewahi kugombea wameanza kucheka. Kwa sababu watu walikuja na mifuko. Tangu mabango yalipobandikwa, hakukuwa na mkutano ambao nilimaliza bila mtu wa nyuma kuuliza, "Mheshimiwa, na gorogoro yenyewe iko wapi?" Mtu mwenye alama ya tai haulizwi tai. Mimi niligawa magunia kumi na saba ya nyayo, gorogoro kwa gorogoro, nikisimamia foleni kama niko dukani, isipokuwa hakuna aliyelipa.

Kufikia Juni niliuza pikapu. Duka nililiachia kijana wangu, kijana mwaminifu lakini asiyejua kumwambia mteja hapana, naye akakopesha nusu ya soko. Agosti 8, 2017 ikafika. Mawakala wangu wengi walipokea pesa ya chakula wakaenda kula, hawakurudi. Usiku nikakaa na redio na simu.

Nilipata kura 312.

Nilizihesabu tena, nikidhani ni kituo kimoja. Ni wadi nzima. Watu mia tano walikuwa wameniwekea sahihi, na namba za vitambulisho vyao ninazo hadi leo kwenye daftari, na karibu mia mbili kati yao hawakunipa kura. Mke wangu alifanya hesabu kwa njia yake. Alichukua daftari la madeni, akaandika upande mmoja 940,000, upande wa pili akaandika kila kitu: pikapu, magunia, fulana, spika za kukodi, mkopo wa chama. Ilikuja milioni moja na laki tatu na kitu. Akasema, "Ulikuwa unadai. Sasa unadaiwa." Akafunga daftari. Hilo suala hatukulizungumza tena mpaka Krismasi, na nadhani ukimya ule ndio uliotuokoa.

Jeevanjee sikurudi kwa miezi mingi. Nilikuwa namwonea Mwalimu aibu, halafu nilikuwa namkasirikia, kana kwamba ni yeye aliyenituma. Nilienda mwaka 2018, mwezi wa Februari, nikamkuta palepale. Hakuniuliza kura ngapi. Alinipa nusu ya njugu zake akasema, "Ile hadithi uliikimbia kabla ya sehemu yako."

Sehemu yangu ilikuwa hii. Lile gazeti, Jeevanjee aliliuza mwaka 1905 kwa Waingereza wawili. Likawa East African Standard, likahamia Nairobi, likawa sauti ya walowezi, wale wale waliokuwa hawataki Mhindi apate ardhi kwenye nyanda za juu wala apige kura sawa nao. Kwa hiyo alipoingia kwenye Baraza mwaka 1909, mdomo aliokuwa ameutengeneza kwa pesa yake ulikuwa unasema dhidi yake kila toleo. Na ndani ya Baraza alikuwa peke yake. Aliteuliwa, hakuchaguliwa. Walowezi walikuwa na watu wao, serikali ilikuwa na maofisa wake, na yeye alikuwa na kiti.

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Nimeshaona watu wakieleza kushindwa kwao kwa sababu ya kabila, wizi wa kura, au pesa za mpinzani. Huenda kwangu vyote hivyo vilikuwepo. Lakini ukweli wangu ulikuwa mdogo zaidi na ulikuwa Nyamakima. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa na mahali ambapo watu walinisikiliza. Mama mwenye hoteli Kariokor alikuwa akininunulia na kuniuliza kama ahamishe mtoto shule. Wachuuzi wa Githurai walikuwa wanaleta ugomvi wao wa chama kwangu niwaamulie, na mbele ya kaunta yangu nimeona watu wakipeana mikono waliokuwa hawasalimiani. Kaunta ile ndiyo lilikuwa gazeti langu, nami niliifunga ili nikatafute watu wa kunisikiliza. Na tena, hao wote waliokuwa wakinijua wanapiga kura kwingine. Kariokor, Githurai, Kawangware, Limuru. Walionijua hawakuwa na kura kwangu, na waliokuwa na kura walijua gorogoro tu.

Mwalimu hakuwa mtu wa kumpamba mtu yeyote, na mimi namshukuru kwa hilo. Alinieleza pia kwamba mwaka 1910 Jeevanjee alikwenda London, akazungumza na wanahabari, akashauri Afrika Mashariki iunganishwe na dola ya India. Nilishtuka. Nilikuwa nimeanza kumpenda. Nikamwuliza Mwalimu, na babu zetu je, walikuwa wapi kwenye mpango huo?

"Hawakuwa kwenye hesabu yake," akasema. "Alikuwa anapigania watu wake. Hata wewe ulikuwa unapigania invoisi."

Hilo liliniuma kuliko kura 312.

Mwaka 1914 alishiriki kuanzisha chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, kilichofuata mfano wa Congress ya India, na kwa miaka iliyofuata Wahindi na walowezi wakavutana hadi suala likafika London. Jibu lililotoka mwaka 1923, kwenye ile Hati ya Devonshire, lilikuwa la ajabu kwa pande zote mbili: serikali ya Uingereza ikasema Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi ya Waafrika yatangulie. Watu wawili wamegombania gunia, hakimu akasema gunia ni la mtu wa tatu, kisha akaendelea kulikalia yeye. Wahindi wakapewa viti vitano kwenye Baraza, Wazungu kumi na kimoja, na nyanda za juu zikabaki za Wazungu. Mwafrika aliyetajwa kuwa mwenye nchi hakupewa kiti hata kimoja cha kuketi mwenyewe. Ilibidi angoje hadi mwaka 1944. Jeevanjee alikufa mwaka 1936, na utajiri wa siku za reli ulikuwa umekwisha kupungua sana.

Nilimwuliza Mwalimu, sasa alipata nini? Akanyoosha mkono kuelekea nyasi, wale watu waliolala na bahasha usoni.

Nilidhani anamaliza kwa utamu wa wazee, kumbe hakuwa amemaliza. Alisema hata hii bustani ilikuwa imebaki kidogo tu iende. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga hapa maegesho ya magari ya ghorofa na maduka. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akasimama, akaanza kukusanya watu na sahihi, magazeti yakaandika, Wangari Maathai naye alikuwa ametoka tu kuipigania Uhuru Park miaka miwili nyuma, na mpango ukaanguka. Mwalimu alikuwepo siku hizo. Alisaini. Alisema hakupewa chai wala mkate, na alitoa nauli yake mwenyewe kutoka Kikuyu.

Nilipotoka pale nilikuwa nafikiria sahihi. Zangu 500 nilizinunua, na kitu kilichonunuliwa mwenye nacho huwa amekwisha kulipwa. Hana deni nami. Mimi mtu wa biashara ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ukimlipa mteja aje dukani, huyo si mteja, ni mfanyakazi wako wa siku moja.

Pesa zangu za tenda nililipwa mwaka 2019, nusu yake, bila riba wala pole. Nusu nyingine bado ni faili. Sikulipwa kwa sababu ya siasa. Tulikuwa wauzaji kumi na wanne wenye madai kama yangu, tukaungana, tukamtafuta wakili mmoja, tukaandika barua moja. Miaka yote ile niliyokaa mapokezi peke yangu na koti langu, hao wengine kumi na watatu walikuwa wanakuja siku nyingine za wiki. Yule dada wa kiti ndiye aliyetuunganisha. Nilikuwa nikimwona mpole asiye na msaada, kumbe alikuwa anajua orodha yote kwa kichwa.

Tenda za umma sikuchukua tena. Mizigo ya shule za binafsi nachukua, malipo nusu mkononi kabla gunia halijapakiwa. Pikapu nilinunua nyingine mwaka 2021, kuukuu kuliko ile ya kwanza. Kaunta nimerudi mwenyewe.

Mwaka 2022, Aprili hivi, kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja hadi Nyamakima. Ana kibanda cha kuchomelea vyuma karibu na stendi ya matatu, nilikuwa namjua kwa uso. Alikuwa na fomu. Mgombea huru, wadi yetu. Alikuwa amesikia kwamba niliwahi kugombea, akataka ushauri na sahihi.

Nikamwuliza kama kibanda kimefungwa. Akasema hapana, nduguye yuko pale leo, na yeye anarudi saa nane kwa sababu kuna geti la mteja halijaisha. Nikamwuliza anawapa nini wanaosaini. Akaniangalia kama sikumwelewa.

"Mzee, nawaomba tu. Wengine wanakataa."

Amepata ngapi? Mia moja na ishirini, kwa wiki tatu. Mimi kwa wiki tatu nilikuwa nimefika mia nne.

Kabla ya kuondoka aliomba gorogoro mbili za nyayo za nyumbani kwake. Nilimpimia, nikazijaza hadi zikachongoka, nikamtoza bei ya kila mtu, akalipa kwa simu. Kisha nikavuta ile fomu juu ya kaunta, nikafuta vumbi la maharagwe kwa kiwiko, nikaandika jina langu na namba ya kitambulisho polepole, kwa mwandiko unaosomeka.

Agosti 9 niliamka saa kumi na moja nikaenda kupanga foleni. Alama yake ilikuwa nyundo.